Kibandiko cha Kijapani na Valvu 11 Zilizopinda

Gari langu lilizimika Jumanne asubuhi katika Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, mbele kidogo ya Tabata Relini, nikiwa naelekea Ubungo. Halikukohoa, halikutoa moshi, wala hakuna taa ya dashibodi iliyowaka kabla. Nilisikia kishindo kidogo, kama fimbo iliyovunjiwa ndani ya gunia, kisha usukani ukawa mzito na gari likaserereka kwa kasi iliyobaki. Nilipolifikisha pembeni nilipiga stata mara nne au tano, na kila mara injini ilizunguka kwa wepesi nisiouzoea, mithili ya cherehani inayokanyagwa bila kitambaa. Wepesi huo ndio uliopaswa kunizuia. Injini nzima huipa stata kazi kwa sababu pistoni zinabana hewa. Valvu, yaani vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zisipofunga, hakuna kinachobanwa.

Nilimpigia simu fundi wangu, naye akaniomba niiweke simu karibu na boneti na kupiga stata mara moja tu. "Bosi, usipige tena," akasema. "Huo ni mkanda. Tafuta bredauni likuvute."

Gari lenyewe ni Mark II GX110 ya mwaka 2002, ile inayoitwa Grande, yenye injini ya 1G-FE ya silinda 6 na valvu 24. Mkanda wa taimingi, au taimingi belti kama wasemavyo mafundi, ndio unaoziunganisha krankishafti iliyo chini, inayozungushwa na pistoni, na kamishafti zilizo juu, zinazofungua valvu, ili kamishafti izunguke mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa katika mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 katika sekunde moja, na pistoni hupanda hadi karibu kabisa na mahali ambapo valvu ilikuwa imeshuka muda mfupi kabla. Mkanda ukikatika, kamishafti husimama huku krankishafti ikiendelea kusukumwa na mwendo wa gari, na valvu yoyote iliyosimama ikiwa wazi hugongwa na pistoni.

Jirani yangu alikuja gereji siku ya pili akanifariji kwamba hilo ni jambo dogo, kwa kuwa mkanda wa Corolla 110 yake ulikatika Kibaha, akafungiwa mwingine na jioni alikuwa nyumbani. Hakunidanganya. Injini ya 5A-FE ya gari lake, kama ilivyo 3S-FE ya zile Noah za zamani, imeachiwa nafasi ya kutosha kati ya pistoni na valvu hata taimingi ikipotea. Naamini ushauri mwingi wa barabarani kuhusu mikanda hii umetokana na injini za namna hiyo, na mwenye Grande huusikiliza kwa hasara yake. Wenye IST na Vitz nyingi hawahusiki, kwani injini zao hutumia cheni.

Nakiri kwamba sikuwa mtu wa kupuuza matengenezo. Niliponunua gari hili kwa mtu aliyelitumia hapa mjini miaka kadhaa, nilimuuliza kuhusu mkanda, naye akafungua mlango wa dereva na kunionyesha kibandiko cha Kijapani kwenye nguzo ya mlango, chenye namba 96,400. "Ulibadilishwa hukohuko Japani," akasema. Kwa kuwa mkanda wa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, na odomita yangu ilisoma 141,000 siku ya tukio, nilihesabu kuwa nina nafasi kubwa. Tulipokuwa gereji tukisubiri, kijana mmoja alikipiga picha kibandiko kile na kukitafsiri kwa simu. Kilihusu kubadilisha oili.

Fundi alipofungua kava ya mbele, mkanda ulitoka vipande viwili, nyuzi zake nyeupe zikiwa zimechanuka kwenye ncha kama ufagio. Upande mmoja ulikuwa umelowa oili iliyovujia kutoka kwenye sili ya kamishafti, na oili huiharibu mipira. Aliniambia pia nisiamini kilomita peke yake, nami nilipopiga hesabu nilimwelewa: injini iliyo sailensa, yaani inayonguruma gari likiwa limesimama, ikizunguka mara 700 kwa dakika, saa moja ya foleni ya Ubungo ni mizunguko 42,000 ambayo odomita haiandiki hata kilomita moja, tena katika joto letu.

Silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, iliposhushwa tulihesabu valvu 11 zilizopinda. Nyingine zilisalimika kwa bahati tu, kwa sababu kamishafti ilisimama zikiwa zimefunga. Juu ya pistoni kulikuwa na alama za mwezi mwandamo, zisizo na kina cha kutisha. Watu wawili walinishauri ninunue injini ya mtumba na kuachana na kazi ya hedi, lakini ningepata mkanda mwingine nisioujua historia yake, na namba ya injini kwenye kadi ya gari ingebidi ishughulikiwe TRA. Nilichagua kununua valvu, kuzisagia kwenye siti zake, na kufunga gasketi, sili zote za mbele, puli ya kukaza mkanda na pampu ya maji, kwa kuwa injini ilikuwa tayari imefunguliwa. Kazi ilichukua siku 9. Bei ya mkanda wenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba fundi aliisahau kwenye hesabu yake ya kwanza.

Kabla ya kurudisha boneti alichukua kalamu ya rangi nyeupe, akaandika juu ya kava kwa herufi kubwa: MKANDA MPYA, KM 141,072. Nikamwomba aongeze na tarehe.