Samoni Haonyeshi Kwao ni Wapi

Mwaka 2019 serikali ya Kanada iliwapunguzia wavuvi wa burudani wa pwani ya kusini ya British Columbia idadi ya samoni aina ya Chinook wanaoruhusiwa kuchukua kwa mwaka, kutoka 30 hadi 10, na katika maeneo mengi ikakataza kabisa kuwachukua hadi katikati ya kiangazi. Lalamiko lililosikika zaidi lilikuwa kwamba samaki baharini ni tele. Kwa aliye ndani ya mashua huenda ni kweli, na ndiyo maana ni vigumu kumjibu.

Chinook huzaliwa mtoni, hushuka baharini akakaa miaka kadhaa, kisha hurudi kutaga katika mto uleule, na akishataga hufa. Njiani makundi huchanganyika, hivi kwamba samaki wa mto wenye neema na wa kijito kilichobakiwa na wachache huogelea ubavu kwa ubavu, na hakuna jicho la mvuvi linaloweza kuwatenganisha. Katika makundi 13 ya Chinook wa Fraser, mto mkubwa wa British Columbia, yaliyotathminiwa na wataalamu, ni moja tu lililoonekana kuwa salama. Wanaorudi mtoni mapema katika mwaka ndio wenye hali mbaya zaidi, kwa hiyo katazo liliwekwa kwa tarehe: kinachowapita macho wavuvi, kalenda hukinasa walau kwa kiasi.

Katika mwaka huohuo iligundulika kwamba mawe yaliyoporomoka huko Big Bar yalikuwa yameziba njia ya samaki katika mto Fraser, hata ikabidi wengine wavushwe kwa helikopta. Mvuvi mwenye fimbo hakuyaporomosha mawe yale, wala si yeye aliyepasha joto maji ya mto, ambayo nayo huwaumiza samaki hao, na anapouliza kwa nini aanze kuadhibiwa yeye, namwona ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, joto la mto halishuki kwa tangazo, ilhali ndoana inaweza kusimamishwa wiki ijayo.

Kuna wanaopendekeza njia ya kati: vifaranga wanaototolewa na binadamu vituoni wakatwe lile pezi dogo laini lililo mgongoni karibu na mkia, kama ifanywavyo kwa wingi katika jimbo la Washington nchini Marekani, ili mvuvi achukue asiye na pezi na kumwachia mwenye nalo, yaani aliyezaliwa mtoni. Naiunga mkono, ila si kwa moyo wote, kwa kuwa ili kulitazama pezi hilo ni lazima kwanza samaki avutwe mpaka kwenye mashua.

Niliwahi kumwachia mmoja. Ndoana haikuwa na kijino, mikono niliilowesha kwanza kama nilivyofundishwa, na sikumtoa majini; hata hivyo alikuwa amepambana muda mrefu, matamvua yakifunguka na kufumba kwa shida, na nilipomshika kwenye shina la mkia ili apate pumzi alilala upande kwa muda ulionitia wasiwasi. Hatimaye akapiga mkia, akazama. Pezi lake lilikuwa kamili. Nilichobaki nacho ni magamba machache yaliyonata kwenye kidole gumba, na hadi leo sijui alikuwa akielekea mto gani, wala kama alifika.