Mbona Mmerudi Mapema Leo?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Kutoka 2:15–20. Ni mistari ambayo wengi huipita mbio wakikiwahi kile kijiti kinachowaka moto katika sura ya tatu. Hata mimi nimeipita hivyo kwa miaka. Safari hii swali la mzee Reueli limenikamata, na tangu Jumatatu halijaniachia.

Musa yuko mafichoni. Farao anamtafuta amuue, naye amefika Midiani hana ndugu wala mwenyeji, ameketi kando ya kisima. Wanakuja mabinti saba wa kuhani wa nchi ile. Wanateka maji, wanajaza mabirika ili kundi la baba yao linywe. Mabirika yakishajaa, ndipo wachungaji wanatokea na kuwafukuza. Angalieni mfuatano huo. Kazi nzito ya kuteka ilikuwa imeshafanyika. Jasho la mabinti, maji ya wenye mabavu.

Musa akasimama, akawaokoa, akalinywesha kundi. Wakarudi nyumbani, na baba yao, ndiye Reueli, akashangaa: imekuwaje mmerudi mapema leo?

Leo! Kwa hiyo siku nyingine huchelewa. Sitamsingizia mzee wa watu, maana Maandiko hayasemi kama alijua kinachowachelewesha. Lakini nyumba ile ilikuwa imezoea. Mabinti kuchelewa kisimani halikuwa jambo la kuulizwa. Kuwahi ndiko kulikohitaji maelezo.

Nikajiuliza ni mambo mangapi nasi tumeyazoea kiasi hicho. Katika nyumba zisizo na maji uani, ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2023 inaonyesha kwamba katika nyumba 7 kati ya 10, wanaoyafuata ni wanawake na wasichana. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 na ushee. Mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili anywe, apike, aoge na afue bila kujinyima. Fanyeni hesabu ya familia ya watu watano kwa kile kiwango cha chini: lita 250, yaani madumu 12 na nusu, kila siku iendayo kwa Mungu. Hakuna binti anayebeba madumu 12. Anabeba matatu au manne, na yaliyobaki familia inayafidia kwa kutonawa, kwa kuoga kwa zamu, kwa kurudia maji ya kufulia. Halafu tukipita pale tunasema watu wale ni wachafu.

Ripoti hiyo hiyo inasema kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na maji ya kunywa ya uhakika na salama nyumbani kwao. Wasiokuwa na huduma ya choo iliyo salama kuanzia shimo hadi uchafu unapoishia walikuwa bilioni 3.5, na milioni 419 kati yao walijisaidia vichakani na mitaroni. Tukisikia idadi kama hizi tunafikiria ukame. Ukame upo, na unaua. Lakini mahali pengi bomba kubwa linapita hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa mtu asiye na maji. Hawezi kuunganishiwa kwa sababu hana hati ya kiwanja, na hati hana kwa sababu mtaa wake haumo kwenye ramani. Basi ananunua kwa dumu, na lita moja inamgharimu kuliko inavyomgharimu mwenye mita na bustani ng'ambo ya barabara. Kisima cha Midiani nacho hakikuwa kimekauka. Maji yalikuwepo, na wachungaji walikuwepo.

Nyakati zetu wachungaji hao hawashiki fimbo. Wanashika faili. (Nami nawaambia haya nikiwa mchungaji wa namna nyingine, kwa hiyo jina hilo linanichoma mimi kwanza.) Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kwamba maji safi na salama na huduma za choo ni haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono. Hakuna hata moja iliyopinga. Nchi 41 hazikupiga kura upande wowote. Nimezitafakari sana zile 41 kuliko zile 122, kwa kuwa naona ndiko viti vyetu vingi vilipo. Nani kati yetu anapinga maskini kupata maji? Hakuna. Tunanyamaza tu kikao kikiendelea.

Sasa rudini kwa Musa. Alifanya mambo mawili, na mabinti walipomsimulia baba yao waliyataja yote mawili: alituokoa na mikono ya wachungaji, tena akatuchotea maji. Sisi kanisa tunalipenda hili la pili. Tunachangishana, tunachimba kisima, tunaandika jina la ushirika kwenye zege, tunapiga picha. Sidharau, kisima ni uhai. Lakini Musa alianza kwa kusimama. Angewachotea bila kuwasimamia, kesho yake wachungaji wangewafukuza kwenye maji yale yale. Kisima tunachochimba bila kuuliza nani atashika ufunguo, nani atalipia pampu ikiharibika, na mjane wa nyumba ya mwisho atapewa zamu ipi, baada ya muda kina wenyewe.

Na choo, wapendwa? Tunaona haya hata kukitaja madhabahuni. Neno la Mungu halioni haya. Kumbukumbu la Torati 23 inaagiza wawe na mahali nje ya kambi, kila mtu na kifaa chake cha kuchimbia na kufukia, na sababu inatolewa wazi: Bwana anatembea katikati ya kambi. Sheria ile haikutenga choo cha wakubwa na kichaka cha wengine.

Hapo ndipo niwaambie la kwetu. Miaka michache iliyopita tulijenga vyoo vipya nyuma ya kanisa. Vigae vyeupe, maji ya bomba, tukavizindua kwa wimbo. Tuna dada mmoja anayetumia kitimwendo, na hakosi ibada. Juzi mke wangu alimpelekea chai baada ya ibada ya pili, akaikataa kwa upole. Alipombembeleza akamwambia ukweli: tangu Jumamosi jioni huwa hanywi kitu. Vyoo vyetu vina ngazi tatu na mlango mwembamba, na hataki kubebwa na wanaume mbele za watu. Kwa hiyo anakuja nyumbani mwa Bwana na kiu, kwa makusudi, na amefanya hivyo Jumapili zote hizo huku mimi nikihubiri habari za maji ya uzima mita 40 kutoka mlango ule.

Nilitoka kwenda kuutazama. Nimeutumia mara mia na sikuwahi kuuona. Nilipima kwa mkono wangu: shubiri tatu na vidole viwili. Kitimwendo chake hakipiti hata kikisukumwa na malaika. Wala hakuna aliyekusudia ubaya. Kamati ya ujenzi ilikuwa ya watu saba, wote wenye miguu, na mwenyekiti wake ni huyu anayewaandikia.

Basi wiki hii siombi mchango, ingawa utakuja. Naomba kila kikundi cha nyumbani kiulize swali la Reueli kwa kuligeuza: nani huwa anachelewa, na tumeacha kumuuliza? Anzeni na mabinti wanaokosa kipindi cha kwanza shuleni. Waulizeni wapangaji ambao choo chao kina kufuli na ufunguo unalala kwa mwenye nyumba. Waulizeni pia wanaopakua mashimo ya vyoo vya wengine usiku bila glavu wala buti. Mkishajua, msikimbilie kuwasemea. Mamlaka ya maji ikiitisha kikao cha wananchi, nendeni nao, kaeni nyuma yao, na wakikatizwa, simameni.

Sala yetu ni fupi. Bwana, uliyemsimamisha mkimbizi kisimani, tusimamishe nasi tulioketi. Amina.

Fundi anakuja Jumatano saa tatu asubuhi kwa ajili ya zile ngazi na ule mlango. Nilitaka kumpa vipimo mwenyewe, dada yetu akanicheka. Amesema atakuja na kitimwendo chake, na yeye ndiye atakayemwonyesha fundi.