Babu mlinzi alivyonisaidia kufundisha uandishi wa maelekezo

Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Kwa miaka kadhaa somo la kuandika maelekezo nililimaliza kwa vipindi viwili: tumia lugha nyepesi, fuata mpangilio, usirefushe. Wanafunzi walinakili, na kwenye mtihani wakazitaja kanuni zote tatu bila kukosea. Tatizo ni kwamba maelekezo waliyoandika wenyewe hayakumfikisha mtu popote.

Hayakumfikisha kweli. Niliwahi kuwaambia waeleze namna ya kutoka shuleni hadi soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika "ukifika kwenye jiwe kubwa, kata kushoto". Jiwe kubwa, Mwanza! Huku kila mlima umebeba mawe, na watu wamejenga nyumba katikati ya mawe hayohayo. Mwingine akaandika "pale palipokuwa na duka la Mangi zamani". Nilicheka, nikachukua kalamu nyekundu na kuandika "fafanua" karatasi baada ya karatasi. Siku hizi naona "fafanua" ni neno la mwalimu aliyechoka. Mtoto halimwambii amekosa nini.

Mwaka jana niliamua nisisahihishe mimi. Nilimwomba mlinzi wetu, mzee wa Ukerewe, aje darasani afanye kile karatasi itakachomwambia, asiongeze akili yake. Kazi niliyowapa wanafunzi ilikuwa kuandika namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari ya kumpa anayeharisha wakati pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, haipatikani. Huku kando ya ziwa kipindupindu tunakijua, na nyumba nyingi zina maelezo haya kwa kusikia tu, kila mtu na vipimo vyake.

Mezani niliweka chupa tatu za maji safi: ya nusu lita, ya lita moja na ya lita moja na nusu. Nikaongeza sukari, pakiti ya chumvi, kijiko cha chai na kijiko cha chakula. Sharti lilikuwa moja: mwandishi anakaa mbele, haongei wala haashirii.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba wajukuu zangu. Haya, leteni hiyo karatasi."

Ya kwanza ilisomeka hivi: "Chupa moja ya maji ilichukuliwa, kisha vijiko sita vya sukari viliwekwa pamoja na chumvi nusu."

"Ilichukuliwa na nani?" babu akauliza, na darasa likaangua kicheko. Lakini alikuwa anauliza kweli. Akachukua chupa iliyokuwa karibu naye, ya nusu lita. Akashika kijiko cha chakula, akachota sukari ikasimama kama kichuguu, mara sita. Kisha akaiinua pakiti ya chumvi, akaikadiria kwa jicho ili amimine nusu yake. Binti aliyeandika alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamlenga. Nikamzuia babu hapo.

Tulihesabu ubaoni. Kijiko cha chakula ni sawa na vitatu vya chai, tena maji yalikuwa nusu ya yanayotakiwa, kwa hiyo sukari ilikuwa imezidi mara sita hata kabla ya kuhesabu vile vichuguu. Chumvi hatukuihesabu. Chumvi ikizidi, mtoto anayeharisha unamwongezea hatari badala ya kumsaidia, na hilo hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Ile "ilichukuliwa" ilinisumbua hadi jioni, kwa sababu karatasi nyingi zilikuwa nayo. Wameitoa wapi? Nadhani maabara. Kwenye kemia huandika kwa Kiingereza ripoti ya jaribio, na ripoti husema kilichofanyika bila kumtaja aliyekifanya. Wakaibeba hadi kwenye Kiswahili. Ripoti inasimulia yaliyokwisha, ilhali babu alikuwa ameshika kijiko anasubiri kuambiwa. Kesho yake nilifundisha hali ya kuamuru tu: chukua, pima, koroga, usizidishe. Ni sarufi ya shule ya msingi, lakini safari hii walikuwa na sababu ya kuitaka.

Wiki iliyofuata tulileta jiko la gesi na mtungi mtupu. Hapo nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifundisha. Kijana mmoja aliandika: "Funga regulata kwenye mtungi, hakikisha koki ya jiko imefungwa, kisha ifungue." Ifungue ipi? Regulata, kile kifaa cha kufungulia gesi juu ya mtungi, iko ngeli ya I-ZI, koki ni I-ZI, gesi yenyewe I-ZI. Hiyo "i" ndogo ilikuwa inaelekea kila upande, na babu akafungua koki wakati mwandishi alimaanisha regulata. Tangu hapo nawaambia warudie jina la kitu kila mara, hata likichosha. Kwenye insha huwa nawakata maksi kwa kurudiarudia, kwa hiyo walinitazama kama nimegeuka kinyonga.

Karatasi hiyohiyo ilimalizia na angalizo: "Usiwashe kiberiti ukisikia harufu ya gesi." Babu alilisoma njiti ikiwa inawaka mkononi. Akaipuliza taratibu, akanitazama, hakusema neno.

Baada ya hapo walizidisha. Mmoja aliandika hatua 23, ya kwanza ikiwa "Simama karibu na meza". Babu alikuwa tayari amesimama karibu na meza. Kumfundisha mtoto akisie msomaji wake anajua nini tayari ni kazi ngumu, na sina njia ya mkato. Wengine hadi leo wanayumba.

Maelekezo ya maji yaliyopita mtihani wa babu aliyaandika kijana wa Igombe:

"Nawa mikono kwa sabuni. Pima lita moja ya maji safi na salama. Weka vijiko 6 vya chai vya sukari, visiwe na mlima. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, nayo isiwe na mlima. Koroga mpaka sukari na chumvi viyeyuke. Onja: maji yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya. Mpe mgonjwa kidogokidogo na mpeleke zahanati. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga."

Akayapeleka nyumbani, mama yake akayabandika jikoni. Jumatatu kijana alirudi amenuna.

"Mwalimu, mama ameharibu kazi yangu. Amefuta 'kijiko cha chai', ameandika 'kile chekundu'."

"Kwenu kuna vijiko vyekundu vingapi?"

"Kimoja."

"Cha chai?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikamwambia akiache hivyohivyo.