Shati la moshi

2014 tulikua tumepanga chumba na sebule Mbagala, mimi, mume wangu na mtoto wa miaka mitatu, mara mjomba akaja kutoka Urambo, kule kwenye tumbaku yenyewe, kutibiwa macho, akakaa miezi mitano. Mjomba huyu ndo alinilipia ada mpaka fomu foo, sasa nani wa kumwambia asivute sigara sebuleni? Na wala hakua mkorofi, alikua anasogea dirishani anapulizia kwenye nyavu, basi sote tunaona yameisha. Sheria ya tumbaku ya 2003 inazuia kuvuta hovyo maeneo ya umma, ila sebuleni kwangu askari nilikua mimi, na nilikaa kimya.

Mtoto akaanza kukohoa usiku, tukasema vumbi, tukasema feni, dawa ya kikohozi nimenunua chupa tatu. Siku moja saa nane usiku namsikia kifua kinapiga filimbi, mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, jamani nilichanganyikiwa. Mjomba ndo alimbeba, kwenye bajaji njia nzima kamlaza kifuani, kwenye shati lile lile analovutia.

Hospitali wakamvalisha kimaski cha mvuke wa dawa. Daktari, binti mdogo tu, akainama kumsikiliza halafu akanyanyua kichwa.

"Nani anavuta sigara nyumbani?"

Mimi naangalia sakafu. Mjomba akajibu, "Mimi, ila navutia dirishani mwanangu."

"Babu, dirisha halisaidii, moshi unarudi, mwingine unaganda kwenye nguo na makochi. Na huyu anapumua haraka kuliko wewe, mapafu yenyewe bado machanga."

Akasema ni pumu na moshi unaiamsha, akauliza kama anaumwaga masikio. Nikakumbuka lile sikio lililotoa usaha mwezi mzima, nikalaumu maji ya kuogea! Binti wa watu kasema dakika moja kitu ambacho mimi mama mtu nilikimeza miezi yote ile, mpaka leo naona haya.

Mjomba hakuacha sigara, siwadanganyi. Ila tokea siku ile anavutia nje ya geti chini ya mwarobaini, ana shati bovu la kuvutia analitundika kwenye msumari uani, akimaliza ananawa mpaka uso ndo anaingia. Mtoto akaliita shati la moshi, akilipita anaziba pua, mjomba anacheka mpaka anakohoa. Aliporudi Urambo alilisahau, likanyeshewa pale mpaka tunahama.