Nimewapata somo zangu

Jana jioni pale Kibirizi, wavuvi wakipakia nyavu na taa kwenda kuvua dagaa, nilimaliza kusoma Emily of New Moon, kitabu cha L. M. Montgomery cha mwaka 1923. Yatima wa Kanada, jina lake kama langu, anaandika mashairi kwa kujificha darini. Nililia, jamani.

Usiku nikamrudia somo yangu wa kweli, Emily Dickinson wa Marekani. Mashairi karibu 1,800, lakini anafariki 1886 yaliyochapwa hayafiki hata ishirini! Mdogo wake Lavinia ndiye aliyeyakuta, mengi yameshonwa kwa uzi kama vijitabu.

Daftari langu lilikuwa chini ya godoro. Leo asubuhi nimemsomea bibi ukurasa wa kwanza.