Siku Mto Nduva Ulipokauka

Pasaka ya mwaka 2019 nilikuwa na sura tisa za riwaya na ramani moja ya Marumbo, nchi ya kubuni niliyoichora kwa wino kwenye nusu ya karatasi ya manila. Skeli ilikuwa sentimita 1 kwa kilomita 10. Nchi ilienea sentimita 60 kwa 40, yaani kilomita za mraba 240,000, karibu sawa na Uganda. Ukubwa nilikuwa nimeupigia hesabu. Urefu wa ardhi kwenda juu sikuwa nimeugusa kabisa.

Dada yangu anafundisha jiografia sekondari, na sikukuu ile alikuja nyumbani Muheza. Aliiangalia ramani kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye Ziwa Lumo.

"Mdogo wangu, ziwa hili liko mita ngapi juu ya usawa wa bahari?"

Sikuwa nimeandika.

"Na hii mito miwili inayotoka humo, mmoja mashariki na mmoja magharibi. Ukingo upi uko chini?"

Hapo ndipo kazi ya siku mbili ilipoanzia. Maji ya ziwa hutokea pale ukingo ulipo chini kuliko kwingine kote. Yakishaanza kupita, huula mwamba na udongo, mlango unazidi kushuka, na ziwa linashuka nao. Mlango wa pili ukiwa juu kwa mita chache tu, unabaki mkavu. Mito hukutana kadiri inavyoteremka, na kuachana kwake huwa kwenye delta, kama Rufiji inavyogawanyika kabla ya kuingia baharini. Ziwa lisilo na mlango hata mmoja nalo lina tabia yake: maji hutoka kwa mvuke peke yake, chumvi inabaki, ukaja kupata ziwa la magadi kama Natron. Watu wangu walikuwa wanakunywa maji ya Lumo tangu sura ya kwanza, kwa hiyo njia hiyo sikuweza kuipita.

Mto mmoja ulipaswa kufa. Wa mashariki ulikuwa umebeba bandari ya Shungi. Matumbawe hayastawi kwenye maji ya mto yasiyo na chumvi na yenye tope, ndiyo maana mwamba hukatika mbele ya mdomo wa mto na vyombo vikapata mlango wa kuingilia. Mto ukiondoka, na ule mlango unakosa sababu. Wa magharibi, Nduva, ulipita katikati ya Pindo, mji mkuu. Niliuchagua Nduva, na mkono ulikuwa mzito kuufuta.

Tulichukua karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, tukaibandika juu ya manila kwa gundi ya utepe, tukaanza upya kwa mpangilio ambao ningepaswa kuufuata tangu mwanzo. Kwanza migongo ya milima, kwa penseli ya kahawia. Pili namba za mwinuko, arobaini hivi, zikitawanywa nchi nzima. Mito ikaja ya tatu, na kila mto tuliupima sehemu tatu, chanzoni, katikati na mdomoni, namba zikishuka. Mito minne ilishindwa. Mmoja ulikuwa unapanda mita 300 kabla ya kufika baharini. Mimi nilikuwa nimeanza na mipaka na miji, na mito nikaipitisha pale miji ilipoihitaji. Kosa lote lilitoka hapo.

Kisha dada akauliza upepo unatoka wapi. Pepo za Marumbo zinatoka baharini, mashariki, na safu yangu ya milima ilikuwa imesimama kaskazini hadi kusini ikiwa na vilele vya mita 2,400. Upepo wenye unyevu ukigonga mlima hupanda, hupoa, na mvua inamwagwa upande huohuo. Ukivuka ng'ambo unashuka ukiwa mkavu. Sisi wa Muheza tunaliona: kule Amani, upande wa Usambara unaoelekea bahari, kuna msitu mnene, na nyuma ya Usambara na Upare kuna Mkomazi na vichaka vyake vya miiba. Mimi nilikuwa nimeweka msitu magharibi na mbuga mashariki. Tukavigeuza vyote viwili.

Mji wa Kiloto, mita 1,900, ulikuwa na minazi na mikarafuu. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Pwani ikiwa na nyuzi 28, Kiloto inabaki na kama 16. Minazi tukaishusha pwani, karafuu zikaenda visiwani, na Kiloto ikapata viazi, kabichi na mapeasi, kama Lushoto.

Jioni ya pili tulipima njia. Katika sura ya sita mjumbe anatoka ziwani hadi Pindo kwa siku saba, akitembea kilomita 30 kwa siku. Nilikuwa nimetumia rula: sentimita 21. Dada alilowesha uzi wa kushonea, akaulaza juu ya njia ya zamani ya Nduva kona baada ya kona, akiubana kwa kucha, kisha akaunyoosha kwenye rula. Sentimita 34. Mjumbe hawezi kukata moja kwa moja, maana maji ya njiani yako kwenye korongo tu. Siku zikawa zaidi ya kumi na moja, na mazishi ya mfalme hayasubiri hivyo. Sura ya sita niliiandika upya yote: mjumbe anafika matanga yameshaanuliwa, na barua aliyoibeba haina tena wa kuisoma.

Nduva nikaupa historia. Zamani maji ya Lumo yalitokea upande wa magharibi. Tetemeko likaushusha ukingo wa mashariki, ziwa likapungua mita 15, Pindo ikabaki na korongo. Kwenye ramani safi niliuchora kwa nukta. Daraja la mawe la matao saba sikulifuta. Katika sura ya kumi watoto wanachimba mchanga chini ya tao la tatu, mpaka mkono unazama kufika begani, kisha wanakaa kimya kusubiri shimo lijae kibuyu kimoja.