Mkuyu na mosi juu ya jabali moja

Mtu anayepanda vilima vya Mwanza wakati wa mvua za vuli, iwe ni Bugando, Isamilo au Capri Point, hukuta juu ya jabali lile lile la itale mimea ya aina mbili inayoishi kwa namna zinazopingana kabisa. Mmoja ni mkuyu, ambao mizizi yake imejipenyeza katika nyufa za mwamba na kushuka chini ikitafuta udongo wenye unyevu. Mwingine ni utando wa kijani usiozidi kimo cha ukucha, ambao wataalamu wa mimea huuita mosi. Ukiuvuta utando huo kwa vidole hubanduka wote mara moja, kwa sababu haukuwa umezama popote. Ulikuwa umeshika uso wa jiwe tu.

Mkuyu ni mmea wenye mirija ya kusafirisha maji na chakula ndani ya mwili wake, na mosi ni mmea usio na mirija hiyo. Shuleni tofauti hii kwa kawaida hufundishwa kwa jedwali la ukosefu: mosi haina mizizi ya kweli, haina shina la kweli, haina majani ya kweli, haina maua, haina mbegu. Hakuna kosa katika orodha hiyo, lakini mimi siipendi, kwa kuwa humfanya mwanafunzi aone mosi kuwa ni mmea ambao haukukamilika. Naamini ni sahihi zaidi kuanza na jambo moja, nalo ni namna mmea unavyokabili uhaba wa maji, kisha kuona jinsi karibu tofauti nyingine zote zinavyotokana na hilo.

Tuanze na mkuyu. Ndani ya shina lake kuna tishu iitwayo zailemu, ambayo seli zake hufanya kazi zikiwa zimekwisha kufa: kilichomo ndani hutoweka, na kuta zinazobaki, zilizoimarishwa kwa dutu ngumu iitwayo lignini, huungana kuwa mirija myembamba inayotoka mizizini hadi majanini. Swali lililowasumbua wanasayansi kwa muda mrefu ni nguvu gani inayoyapandisha maji, kwa maana mtu anayenyonya maji kwa pampu kutoka juu ya bomba hawezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi, hata pampu yake iwe bora namna gani, ilhali mti mrefu kuliko yote unaojulikana, ulioko California nchini Marekani, una kimo cha zaidi ya mita 115. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly, waliokuwa Dublin, walitoa maelezo ambayo bado ndiyo yanayokubalika: jua na upepo vinapoyavukiza maji kutoka katika majani, molekuli za maji, ambazo hushikana kwa nguvu, huvutana moja baada ya nyingine, hata safu nzima ya maji ikapanda kutoka udongoni. Mvuto huo ni mkubwa kiasi kwamba mrija wenye kuta laini ungebonyea na kuziba. Ndiyo maana lignini ni ya lazima, na lignini hiyo hiyo ndiyo inayoupa mti uwezo wa kusimama. Mbao zinazoundiwa mitumbwi ya wavuvi wa ziwa letu kwa sehemu kubwa ni mirija ya namna hii, pamoja na nyuzi zilizoizunguka.

Tishu ya pili, floemu, iko upande wa nje, chini ya gome, na seli zake ziko hai. Kazi yake ni kupeleka sukari iliyotengenezwa majanini kwenda kila sehemu inayoihitaji, hasa mizizini. Marcello Malpighi wa Italia alikwisha kuonyesha katika karne ya 17 kwamba gome likiondolewa kuzunguka shina lote, sehemu iliyo juu ya jeraha huvimba kwa chakula kilichokosa njia. Jambo hili ninalitaja kwa uchungu, kwa sababu kando ya njia za vilimani huonekana miti iliyobanduliwa magome pande zote kwa ajili ya dawa. Mti kama huo unaweza kuendelea kuwa na majani mabichi kwa muda, maana zailemu bado inapandisha maji, lakini mizizi yake inakufa kwa njaa. Anayechukua gome la upande mmoja tu huuachia mti njia ya kuishi.

Sasa tuje kwenye mosi. Vijani vyake vingi vina unene wa seli moja, na hunywa maji kwa uso wao wote, yawe ya mvua, ya umande au ya ukungu unaotoka ziwani alfajiri. Vinyuzi vilivyo chini yake, viitwavyo raizoidi, hasa ni vya kuushikilia mmea mahali pake. Kwa kuwa maji hupita kutoka seli hadi seli na katika nafasi ndogo zilizo kati ya vijani, safari yake haiwezi kuwa ndefu, na kwa hiyo mimea hii karibu yote ni mifupi. Hata mosi ndefu sana ya jenasi Dawsonia, inayoota Australia na New Zealand, hufikia nusu mita hivi. Mkuyu hujitahidi kuhifadhi maji yake kwa gome, kwa nta ya majani na kwa vitundu vinavyofunguka na kufunga. Mosi haishindani na ukame kwa njia hiyo. Hewa inapokauka, nayo hukauka.

Hapo ndipo ninapoona uzuri wake. Kuanzia Juni hadi Septemba mosi za majabali yetu huwa nyeusi au za kahawia, zikivunjika kati ya vidole, na mpita njia huamini kwamba zimekufa. Zimwagie maji kidogo, kisha usubiri: katika dakika chache vijani hufunguka na rangi ya kijani hurudi. Sukari na protini maalumu zilizomo ndani ya seli hulinda utando wa seli wakati wa ukavu, na mmea hurekebisha upesi kilichoharibika. Jani la mkuyu likikauka kiasi hicho halirudi tena. (Madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa yaliyogandamana na mwamba si mosi, hayo ni laikeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, wala hayahesabiwi kuwa mimea.)

Uzazi nao unafuata maji. Mbegu za kiume za mosi huogelea, na bila tone la maji haziwezi kulifikia yai. Mmea wa kijani tunaouona una seti moja tu ya kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi. Yai likisharutubishwa, huota juu ya mmea huo kijiti chenye kibweta cha spora, yaani chembe ndogo za uzazi, na kijiti hicho huishi kwa kuutegemea mmea mama. Kwa mkuyu mambo yamegeuka: mti wote una seti mbili, na kizazi chenye seti moja kimebaki kidogo mno ndani ya ua. Makangaga yanayoota kwenye mapango yenye kivuli yako katikati. Yana mirija kamili, lakini spora yake huota kwanza kuwa kijani kidogo kisicho na mirija, na hapo mbegu za kiume bado huogelea.

Jambo moja huwachanganya wengi hapa pwani ya ziwa, nalo ni kudhani kwamba mmea unaoishi majini hauhitaji mirija. Mafunjo yana mirija, na magugu maji, yaliyoripotiwa katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yanayo pia.

Mpaka wenyewe haukuchorwa kwa rula. Mosi za jenasi Polytrichum zina safu ya seli zilizokufa zinazopitisha maji katikati ya kijiti, kazi ile ile ya zailemu, ila kuta zake hazina lignini. Kwa upande mwingine, kuna kichaka cha maeneo ya miamba ya kusini mwa Afrika, Myrothamnus flabellifolia, chenye mirija, mbao na maua, ambacho hukauka kabisa wakati wa kiangazi hata mirija yake ikajaa hewa, kisha mvua ikinyesha hujaza tena mirija hiyo na majani yale yale yakafunguka yakiwa ya kijani.